Plana yako ifuate sala kwanza, saa baadae

Assalam aleikum mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza yote, baba yako akasema nijibu kwa kuandika mana nikianza kuongea simalizi. Umeuliza uanzie wapi kupanga plana, yani daftari la ratiba, ya nyumba nzima, masomo na dini na malezi, mana watoto ushawatoa shule unawasomesha mwenyewe hapo Dallas. Ile picha ya ratiba nimeiona, ina rangi nzuri lakini ile ni ratiba ya bweni mwanangu, kila nusu saa ina kazi yake hata mama mwenyewe hana pa kupumua.

Mi ningeanza na sala, masomo yaje kujipanga katikati. Sasa huku Tanga ni rahisi, magharibi mwaka mzima ni saa 12 na kitu, huko kwenu mwezi wa 6 jua linazama saa 2 na nusu usiku imeshapita alafu mwezi wa 12 saa 11 na dakika 20 hivi jioni kiza. Ukiandika "Kuran baada ya magharibi" ukaacha hivohivo, mwezi wa 6 watoto watakusinzilia juu ya msahafu na isha yenyewe mpaka saa 4. Kwa hivo weka kurasa mbili, ya joto na ya baridi, na uzibadilishe wakati huohuo wanapobadilisha saa zao Machi na Novemba. Kuhifadhi weka asubuhi kabla ya chai, hapo hapahami msimu wowote. Hesabu na kusoma ziishe kabla ya adhuhuri, baada ya alasiri watoke nje wacheze basi. Ramadhani usiifunge kwenye mwezi wa kizungu, inarudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka, iachie kurasa yake tupu.

Kwenye Juzuu Amma, ile juzuu ya mwisho ya Kuran, fanya safu mbili, sura mpya na muraja, yani kurudia alizokwisha hifadhi, na muraja ndo iwe pana. Sura ziko 37, watu wanakimbilia kuzimaliza, mtoto anafika sura ya Amma yatasaalun huku Alam tara aliyoihifadhi mwanzo kashaisahau.

Ya serikali ulishanieleza, Texas hawadai ujiandikishe tangu ile hukumu ya mahakama yao ya juu mwaka 1994, wanataka mtaala ulioandikwa wenye kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Basi kila moja ipate safu yake, na kopi ya barua uliyowaandikia shule kuwatoa ikae mbele kabisa ya faili pamoja na kazi chache za kila mwezi, hata kama hakuna anaeuliza leo.

Sasa hio chati ya tabia uliyobandika kwenye friji, yenye nyota za "hakusema uongo" na "amesali", mi ningeibandua leo. Hesabu iwekee tiki, adabu usiiwekee. Mtoto atasali apate nyota, na mgeni akija kuchukua maji anasoma aibu ya mwanao ukutani, wakati sisi mtoto tunamsitiri. Chukua daftari dogo ukae nalo wewe, andika tabia moja tu kwa mwezi kwa kila mtoto, mfano mkubwa kumjibu mdogo kwa ukali, na pembeni uandike wewe utafanya nini, sio yeye. Mana nusu ya hizo tabia wanaziokota kwetu. Na sala, mkubwa kashafika miaka 7 ndio umri wa kuamrishwa, lakini mwambie "twende tukatawadhe" kuliko "umesali?"

Usinunue hizo plana za bei huko, kuna jirani anakuja mwezi ujao nampa kauntabuku la kwaya 3, piga mistari mwenyewe kwa rula. Na mkubwa mwambie Ijumaa asubuhi yenu, kwetu itakuwa jioni, bibi anataka kumsikiliza sura ya Lam yakun kwenye simu bila kuchungulia.

Mamaako