Vioo vya rangi: majibu kwa wanaotaka kuingia karakana

Barua za karibuni nyingi zinahusu madarasa ya vioo vya rangi, yale ya kutengeneza madirisha na mapambo kwa vipande vilivyounganishwa kwa risasi au shaba. Nimejibu hapa zile zinazogusa watu wengi.

*Fundi, kuna karakana yenye darasa la siku mbili la utepe wa shaba, na nyingine yenye la wiki nane la risasi. Sijawahi kushika kioo. Nianze wapi? — Msomaji, Nakuru*

Kabla ya kutazama siku na bei, waulize: mwanafunzi anakata vioo vingapi vya kawaida, vile vyeupe vya dirishani, kabla ya kukabidhiwa cha rangi? Wakikuambia vipande vimeshakatwa tayari, kazi yako ni kuunganisha tu, utarudi nyumbani na kindege kizuri cha kuning'iniza, lakini ufundi utakuwa umebaki kwa aliyekukatia. Darasa linalokuacha uharibu kioo cha bei rahisi asubuhi nzima ndilo linalofundisha.

Njia zenyewe zinatofautiana hivi. Kwa shaba, kila kipande kinazungushiwa utepe mwembamba wenye gundi, halafu maungio yote yanafunikwa kwa lehemu mbele na nyuma. Ilipata sifa mwishoni mwa karne ya 19 kwa taa za karakana ya Louis Comfort Tiffany, New York, ambako Clara Driscoll na wanawake wa idara yake walichagua na kukata vioo na kubuni nyingi ya taa hizo. Inafaa vipande vidogo na maumbo ya duara. Njia ya risasi ni kongwe zaidi: vipande vinaingizwa kwenye mifereji ya vijiti laini vya risasi, lehemu inatiwa kwenye viungo peke yake, kisha mianya inajazwa unga wa chaki uliokandwa na mafuta ya kitani ili mvua isipenye.

Ukitaka taa au mapambo, nenda kwenye shaba. Ukiwa na dirisha au mlango kichwani, subiri nafasi kwenye zile wiki nane.

*Shikamoo fundi. Nimemaliza darasa la kwanza lakini kila nikikata, kioo kinapasuka kwingine kabisa. Mwalimu anasema nitazoea. Nitazoea nini hasa? — Mwanafunzi, Mwanza*

Marahaba. Swali lako ni zuri, na "utazoea" si jibu la kumpa mtu aliyelipa ada.

Elewa kwanza kwamba kile kigurudumu kilicho kwenye ncha ya kikatio hakikati kioo. Kinachora mpasuko mwembamba juu, na kioo kinaachana baadaye kwa kufuata huo mpasuko. Kwa hiyo mstari wako lazima uanzie ukingoni na uishie ukingoni, bila kuinua mkono katikati. Ukiishia njiani, kioo kitajitafutia njia yake. Na usipite mara mbili juu ya mstari uleule, hata kama wa kwanza umeonekana hafifu. Kurudia kunachimba ufa mwingine kando ya ule wa kwanza na kunamaliza makali ya kigurudumu.

La pili ni uzito wa mkono. Wengi wanaoanza wanakandamiza sana. Tazama mstari wako: ukiona unga mweupe na vichembe vinavyoruka, umezidisha. Mstari mzuri karibu hauonekani, lakini unasikika. Unatoa mchakacho mmoja usiokatika, kama hariri ikichanwa taratibu. Sauti ikikatika, hapo ndipo mkono ulipolegea au uliporuka uchafu. Futa kioo kabla, tandika magazeti machache juu ya meza iliyo sawa, chovya kigurudumu kwenye mafuta mepesi (hata mafuta ya taa yanafaa), simama, na uache nguvu itoke begani.

Kisha vunja papo hapo. Kunja ngumi mbili chini ya kioo, vidole gumba juu, kimoja kila upande wa mstari, ukingoni kabisa, halafu geuza vifundo kwenda nje. Usivute kwa woga. Kioo chenye unene wa milimita 3 kinataka mwendo mmoja wa uhakika.

Kwenye mkunjo unaoingia ndani, usijaribu kuutoa wote kwa pigo moja. Chora mstari halisi kwanza, uache, kisha chora mikunjo midogo ndani ya sehemu ya kutupwa na uitoe kwa koleo, mmoja baada ya mwingine, mpaka ufike kwenye ule wa kweli. Kona ya ndani yenye pembe kali haikatiki kwa mkono. Mchoro ukiwa na kona hiyo, mwenye kosa ni mchoraji. Gawa kipande viwili.

*Nafanya kazi ya vioo na aluminiamu, nakata kila siku. Bado nahitaji darasa? — Fundi, Tabata, Dar es Salaam*

Kwa kukata mistari iliyonyooka huenda unamzidi mwalimu. Nenda kwa ajili ya mikunjo, lehemu na uchoraji, na umwambie mwalimu unachokijua ili asikupotezee wiki. Tena usitupe mabaki ya vioo vya dirisha vya kazini kwako. Wanafunzi wanavihitaji mno kwa mazoezi. Vile vilivyopitishwa motoni ili viwe imara, kama vya milango ya kuogea au vya ubavuni mwa gari, waonye wasivikate: vitasambaratika vyote.

*Dada, nimejiandikisha darasa la jioni la risasi hapa Leicester, na sasa nimegundua nina ujauzito wa miezi miwili. Mwalimu anasema dirisha likiwa wazi hakuna shida. — Mama, Uingereza*

Hongera, dada yangu. Ahirisha. Nakusihi, na wala sisiti kulisema.

Dirisha wazi linasaidia kwa moshi, na moshi ule unatoka zaidi kwenye dawa ya kusafishia shaba na risasi kabla ya lehemu. Chuma cha kulehemu kikiwa kwenye nyuzi 400 hivi hakifikii joto la kuichemsha risasi. Hatari kubwa iko mikononi: unashika vijiti, unashika kikombe cha chai, unajipangusa mdomo. Vumbi linakaa mezani, kwenye mikono ya nguo, kwenye simu. Vijiti vikuukuu vyenye unga mweupe ndivyo vibaya zaidi. Risasi inayoingia mwilini mwa mama hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto, na ubongo unaokua ndio unaoumia. Mweleze mkunga wako kama tayari umehudhuria vipindi kadhaa. Kipimo cha damu kipo.

Mwombe mwalimu akuhamishie nafasi mwakani. Kwa sasa chora nyumbani. Mchoro wa ukubwa kamili, wenye unene wa kila mstari wa risasi, ni nusu ya kazi.

Nanyi wengine msiokuwa wajawazito: hakuna kula wala kunywa karakanani, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kutoka, meza ipanguswe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa, na nguo za kazi zisilale kitanda kimoja na watoto.

*Ufundi huu si wa makanisa? Mimi ni Mwislamu, binti yangu anautaka. — Mzee, Lamu*

Mwache asome, mzee wangu. Nyumba za Sana'a, Yemen, zina juu ya madirisha yake nusu duara za jasi iliyochongwa maua na kujazwa vioo vya rangi. Huenda hata ndugu zenu wa Hadhramaut wamewahi kuziona. Msikiti wa Nasir al-Mulk kule Shiraz, Iran, uliokamilika mwaka 1888, jua la asubuhi linapitia vioo na kumwagika rangi kwenye mazulia. Karibu zaidi, panda boti umpeleke Unguja: jengo la Old Dispensary katika Mji Mkongwe, lililoanzwa kujengwa na Tharia Topan mwaka 1887, lina vioo vya rangi pamoja na nakshi za mbao. Na akifika Nairobi, atembelee Kitengela, pembeni mwa mbuga ya taifa, ambako msanii Nani Croze alianzisha karakana ya vioo inayotumia hata vioo chakavu.

Njia ya jasi haihitaji risasi hata kidogo. Kwa binti wa Lamu anayeishi kati ya mafundi wa nakshi za plasta, ningeanzia hapo.

*Ninunue vifaa gani kwanza? — Wengi*

Miwani ya kukinga macho na kikatio kimoja kizuri. Mengine tumia ya karakana mpaka ujue mkono wako unapenda nini.

*Nataka kutengeneza sura ya marehemu baba kwa kioo. Mwalimu anasema haiwezekani kwa darasa la mwanzo. Ni kweli? — Msomaji, Kampala*

Ni kweli, na pole sana. Uso haukatwi, unapakwa. Ile rangi ni kioo kilichosagwa na kuchanganywa na oksidi ya chuma au shaba. Fundi anapaka tabaka juu ya kioo chote, linakauka, halafu anaondoa kwa brashi ngumu na ncha ya mti pale mwanga unapotakiwa: paji la uso, mgongo wa pua, mvi. Kisha kipande kinaingia tanuri lenye joto la kupita nyuzi 600 ili rangi ishikane na kioo, kinatoka, kinapakwa tena, kinarudi. Tafuta karakana yenye tanuri na mwalimu wa kupaka, na uulize hayo mawili kabla ya kulipa. Wakati huo chagua picha ya baba ambayo mwanga unatoka upande mmoja. Picha iliyopigwa kwa taa ya mbele haina vivuli vya kufuata.