Laini ya stima inapita malishoni, mbona tuko gizani?

SWALI: Mhandisi, sisi ni wafugaji wa kusini mwa Marsabit. Laini kubwa ya mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana inapita malishoni mwetu, lakini kijijini hakuna taa hata moja. Kwa nini tusiunganishwe? Tena kampuni nyingine inataka ardhi yetu. Tudai nini?

JIBU: Mzee wangu, uchungu wako naufahamu. Laini hiyo ilijengwa kwa kiwango cha kilovolti 400, yaani volti 400,000, ili ifikishe umeme Suswa kule Narok, zaidi ya kilomita 400. Taa ya nyumbani inataka volti 240. Transfoma ya kawaida haiwezi kuteremsha umeme wa namna hiyo; panahitajika kituo kizima cha kupoza umeme, yaani cha kushusha volti, na bili za manyatta chache hazitakilipia kamwe. Waya ule msiupotezee miaka.

Daini maji kwanza. Kupandisha lita 20,000 kwa siku kutoka kina cha mita 60 kunakula uniti 6 au 7 hivi. Kwa jua la kwenu, paneli za kilowati 2 zinatosha hata zikishika vumbi. Betri ya nini? Pampu ifanye kazi mchana, maji yakae kwenye tangi la juu, usiku mbuzi wanywe. Ila kisima kipimwe kwanza kinatoa kiasi gani kwa saa, kwa sababu pampu inayokizidi nguvu itavuta hewa na kuungua.

Zahanati nayo ipate friji ya chanjo inayotumia jua moja kwa moja. Wanaohama na mifugo wanafaa paneli ndogo za kubebeka. Gridi ndogo ya kijiji ijengwe palipo na shule, maduka na watu waliotulia, la sivyo nguzo zitabaki na wateja wameondoka.

Kuhusu ardhi, msitie saini kabla ya kuiandikisha kama ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba wa uwekezaji uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Akina mama na vijana wawemo. Oktoba 2021, mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo wa Turkana zilipatikana kinyume cha utaratibu, wakati mitambo 365 ilikuwa tayari imesimikwa.

Maji na friji viandikwe ndani ya mkataba wenyewe, pamoja na jina la atakayelipia fundi na vipuri miaka yote kampuni itakapokuwa hapo.