Mtoto Aliyenyamaza Kwenye Foleni

Mgonjwa mahututi anayefika zahanati mara nyingi haji kwa kelele. Nilijifunza hilo Jumatatu moja ya masika, foleni ikiwa imetoka nje ya kibaraza, nami nikiwa ndani nahudumia kwa kufuata namba za kadi. Karibu na mwisho wa benchi alikaa mama mwenye mtoto wa miaka miwili aliyefunikwa kanga, na wenzake wakamwambia ashukuru kuwa wake amelala ilhali wa kwao wanalia. Ilipita zaidi ya saa moja kabla hajaingia. Nilipofunua kanga nilikuta mtoto amelegea, viganja vimepauka, haamki hata akifinywa.

Kipimo cha malaria kilionyesha vimelea, lakini cha kupima sukari ya damu hatukuwa nacho siku hiyo. Katika hali kama hiyo ichukuliwe kwamba sukari imeshuka. Tulimlaza ubavu, tukakoroga vijiko 4 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, katika mililita 200 za maji safi, tukampa mililita 50 kwa mpira unaopita puani hadi tumboni, kwa sababu asiye na fahamu akinyweshwa kwa mdomo hupaliwa. Kisha alichomwa sindano ya atesuneti, dawa ya malaria kali, miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa kuwa hakufika kilo 20, ndipo akapewa rufaa. Alipona, lakini ile saa moja ya benchi bado inaniuma.

Tangu hapo, kabla ya kufungua rejista, napita kwenye foleni yote, na narudia kila baada ya muda. Kwa kila mtoto nauliza kama ananyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege, kisha namwangalia kwa macho yangu kama amelegea au amezimia. Jibu moja baya linatosha kumtoa kwenye foleni. Mwenye kikohozi nahesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, na 40 au zaidi hadi miaka 5, ni pumzi za haraka, na kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, hali ni nzito zaidi. Mlinzi na mhudumu wa usafi nao wafundishwe dalili hizi, kwani ndio wa kwanza kumwona mgonjwa getini.

Mjamzito anayelalamika kichwa kikali au kuona ukungu apimwe shinikizo la damu papo hapo, hata kama kliniki yake ni kesho.

Na kuhusu rufaa, nawasihi wenzangu: pigeni simu hospitali inayompokea kabla gari halijaondoka, na mwandike kwenye barua dawa iliyotolewa, kiasi chake na saa ilipotolewa, ili asichomwe mara mbili wala asikose dozi inayofuata.