Barua kwa mwanangu Hamidu: hiyo bima uliyouziwa si ya mogeji

Hamidu mwanangu,

Asalaam aleikum. Huku Arua tuko salama, mvua tu ndio imetusumbua. Meseji yako nimeisoma na zile picha za karatasi nimezifungua kwa simu ya Zainabu, maana ya kwangu kioo chake ni kidogo na hayo maandishi ya watu wa bima ni madogo kama wameyaficha. Nakujibu kwa kirefu, usome ukiwa umetulia nyumbani, si ndani ya taksi.

Umeniuliza hivi: mwezi wa kwanza ulienda benki kuulizia mogeji, yaani mkopo wa nyumba, kwa ile nyumba ya Kira, kijana wa pale akakwambia bila bima ya maisha faili yako haifunguliwi, ukasaini, sasa shilingi laki mbili na nusu inakatwa kila mwezi mshahara ukiingia. Juzi umeenda benki ya pili kulinganisha riba, wakakwambia hiyo bima haiwahusu, utachukua ingine. Unataka kujua uache kulipa ama uendelee, na kama pesa yako itarudi.

Usiache kimyakimya, na usiendelee kimyakimya pia. Peleka malalamiko kwa maandishi wiki hii, na kabla hujajibiwa usisaini fomu yoyote ya kuvunja bima, hata wakikuitia chai. Sababu zake ndio hizi.

Bima ambayo benki inataka kwa mtu wa mogeji inalinda deni. Mungu apishe mbali, ukifa, kampuni inalipa benki kile kilichobaki, mkeo Aisha na watoto wanabaki na nyumba yao. Deni likishuka nayo inashuka, deni likiisha nayo imeisha, hakuna cha kuvuna na ndio maana huwa ni ya bei rahisi. Alafu kuna ya jengo lenyewe, moto na mambo kama hayo, hiyo pia watakudai. Basi. Sasa wewe umepewa nini? Angalia ule ukurasa wenye jedwali: muda miaka 15, malipo 250,000 kwa mwezi, kiasi cha bima milioni 45. Laki mbili na nusu mara miezi 180 ni milioni 45 hiyohiyo. Yaani ni akiba, unaweka pesa yako mwenyewe miaka 15 alafu wanakurudishia na bonasi kidogo juu, na ukifa katikati wanalipa hiyo 45. Sisemi ni kitu kibaya, kuna watu inawafaa, mtu asiyeweza kuweka pesa bila kuigusa hiyo inamshikilia. Lakini wewe unatafuta mkopo wa milioni 120. Ukifa mwaka wa kwanza milioni 45 inalipa deni gani?

Na kuna kitu nimekiona kwenye hizo picha ambacho nadhani wewe hukukiona. Mahali pa mfaidika wameandika jina la Aisha peke yake. Benki haimo hata kwa herufi moja. Hakuna namba ya mkopo, hakuna kiasi cha mkopo, hakuna neno mogeji popote. Bima ya mkopo lazima imtaje mwenye kudai, sasa hii inamlinda nani? Hiyo karatasi yao wenyewe ndio shahidi wako mkubwa, kuliko maneno ya kijana ambayo kesho atasema hakuyasema.

Tuje kwa ile fomu ya maombi, kurasa zile za maswali. Jina lako na namba ya kitambulisho umeandika wewe, mwandiko wako naujua tangu P1, ile "H" yako ya kulala. Wino wa bluu. Chini yake maswali ya afya, una presha, una sukari, umewahi kulazwa, yote yamewekwa tiki kwa "hapana", na wino ni mweusi, tiki za haraka haraka zinazofanana. Hamidu, wewe una sukari. Unameza dawa tangu uko Makerere. Na umeniandikia mwenyewe kwamba ulimwambia, akasema hiyo si shida, atamalizia kujaza baadaye.

Hapo ndipo niliposhtuka kuliko hata ile pesa. Kwa mambo ya bima unayoyasema kuhusu afya yako ndio msingi wa mkataba wote, na aliyesaini chini ni wewe, si kijana. Siku Aisha akienda kudai, kitu cha kwanza kampuni itaomba rekodi za hospitali, itakuta sukari ya miaka mingi, itafungua fomu ikute "hapana", na itasema huyu mtu alitudanganya, hatulipi. Kwa hivo unalipa laki mbili na nusu kila mwezi kwa kitu ambacho kinaweza kukataa kufanya kazi siku ile moja unayokihitaji. Kwa SACCO yetu nilipokuwa mweka hazina, hilo swali la afya ndilo lilileta machozi, si riba. Mjane anakuja na cheti cha kifo, unafungua fomu, moyo unakufa. Ndio maana nilikuwa nawaambia watu wajaze wenyewe mbele yangu, polepole, hata kama foleni imefika nje.

Kwa hivo uende ukatafute meseji zako na huyo kijana. Kama kuna mahali ulimwandikia habari ya sukari, ama yeye alikuandikia "bila bima hakuna mogeji", piga picha, jitumie kwa imeili, usimwachie simu peke yake. Alafu uombe benki na kampuni ya bima wakupe nakala kamili ya fomu ya maombi na mkataba wote, si zile kurasa nne ulizopewa.

Kuhusu benki kuuza bima, hilo ni halali, usiende pale ukasema wamevunja sheria kwa kuuza tu. Sheria ya mabenki hapa Uganda ilibadilishwa 2016 ikawaruhusu, na kanuni zake zikatoka 2017, mwaka uleule wa ile Sheria mpya ya Bima. Kosa si kuuza. Kosa ni kukwambia ni sharti la mkopo wakati si sharti, na kukuuzia akiba ukiomba ulinzi wa deni, na kujaza majibu yako ya afya kwa mkono wake. Komisheni kubwa ya bima ya namna hii iko mwaka wa kwanza, sasa umwelewe huyo kijana alikuwa anaangalia wapi. Mimi simchukii, wamewekewa tageti mpaka wanaota usiku. Lakini tageti yake isilipwe na mshahara wako.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Usiandike matusi, usiandike historia ya ukoo. Kitu kama hiki:

"Mwezi wa kwanza nilikuja tawini kuomba mogeji. Nikaambiwa na ofisa wenu kwamba lazima ninunue bima ya maisha kwanza. Niliuziwa bima ya akiba ya miaka 15 isiyotaja mkopo wowote na isiyotaja benki. Nilimweleza ofisa kwamba nina kisukari, majibu ya afya hayakujazwa na mimi. Naomba mkataba huu ufutwe tangu mwanzo na nirudishiwe malipo yote niliyolipa. Naomba mnijibu kwa maandishi."

Nakala moja kwa meneja wa tawi, nyingine kwa kampuni ya bima, na ya kwako wakugongee muhuri wa kupokea na tarehe. Wakikataa muhuri tuma kwa imeili palepale ukiwa umesimama mbele yao.

Ona nilivyoandika "ufutwe tangu mwanzo". Watakachokupa mbio ni fomu ya kuvunja bima, watasema saini hapa tukumalizie. Ukivunja maana yake wewe umeamua kutoka, na bima za akiba ukitoka miaka ya kwanza thamani ya kuvunja huwa ni sifuri ama karibu na sifuri. Kuna memba wetu mmoja mwalimu alisaini hiyo fomu akifikiri ndio ya kurudishiwa, akapata barua ya kumshukuru kwa kuwa mteja. Wewe hudai thamani ya kuvunja. Wewe unasema mkataba uliuzwa kwa uongo, kwa hivo pesa yote irudi.

Wakikaa kimya ama wakikuzungusha, kuna IRA, ile mamlaka inayosimamia mambo ya bima, wako pale Nakasero na wana ofisi ya malalamiko, peleka nakala ya barua yako na majibu yao kama yapo. Uwaulize pia kama huyo aliyekuuzia ana leseni, maana mtu wa kuuza bima lazima awe nayo. Upande wa benki, Benki Kuu ilitoa miongozo ya kumlinda mteja 2011, unaanza kulalamika kwa benki yako, usiporidhika unapanda kwa Benki Kuu. Hakuna haja ya wakili bado.

Na usione aibu eti umesoma chuo umedanganywa. Uingereza mabenki yaliuzia watu bima za mikopo kwa njia hiihii, wakaja kuamriwa kurudisha, wakalipa zaidi ya pauni bilioni 38. Bilioni, Hamidu. Na waliokuwa na madai walipewa siku ya mwisho ya kulalamika, mwishoni mwa Agosti 2019, ambaye hakulalamika mpaka siku hiyo alibaki na hasira yake.

Sasa malipo ya mwezi huu. Mimi ningeacha yakatwe mara moja hii, barua ikiwa imeshafika, ili wasipate nafasi ya kusema mkataba umekufa kwa sababu hukulipa. Baada ya hapo kama hawajakujibu cha maana nenda ufute standingi oda, ile amri uliyowapa benki ya kukata kila mwezi, na uwaandikie kwamba umefuta kwa sababu ya malalamiko. Usiseme nimeshalipa milioni mbili na nusu wacha nivumilie. Ile imeshaenda, itarudi ama haitarudi, lakini kuongeza ya mwezi ujao juu yake hakuifanyi irudi.

Tena hiyo laki mbili na nusu inakuumiza kwa mogeji yenyewe. Benki zinaangalia mshahara wako unabakiwa na ngapi baada ya makato. Kwa riba kama ya asilimia 17 kwa mwaka na miaka 15, mkopo wa milioni 120 unalipa karibu milioni 1 na laki 8 na nusu kwa mwezi. Na 250,000 kwa mwezi, kwa hesabu hiyohiyo, inabeba mkopo wa milioni 16 hivi. Kwa hivo kila benki utakayoingia na hayo makato utaonekana mdogo kwa milioni 16. Kijana alisema anakusaidia kupata nyumba, kumbe amekukatia vyumba viwili.

Benki ya pili ukirudi, uliza mambo kwa jina lake: bima ya kulinda mkopo ni shilingi ngapi, inalipwa mara moja ama kila mwezi, ikilipwa mara moja inaingizwa ndani ya mkopo na kuzaa riba ama unatoa mfukoni, na kama unaweza kuleta ya kampuni ingine. Na sukari uitaje. Utajaza mwenyewe, kwa mkono wako. Wanaweza kukutuma kwa daktari, wanaweza kupandisha bei, lipa tu.

Pesa nyingine usisahau kuitenga: stampu, ile kodi ya serikali, ya kuhamisha taito (hati ya ardhi) ni asilimia 1.5 ya bei, kwa nyumba ya milioni 150 hiyo ni milioni 2 na laki 2 na nusu, na stampu ya mogeji ilikuwa asilimia 0.5 ya mkopo, uulize kama bado inadaiwa, kabla ya mthamini na wakili. Aisha lazima akubali kwa kusaini, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila mwenzio, kwa hivo kaa naye umweleze yote pamoja na hii bima, nimeona kwa maneno yako kama hajui. Ami yako Rashidi atakwambia habari ya riba, na hajakosea, ukitaka kuulizia njia ingine Salaam Bank ilipewa leseni ya benki ya Kiislamu 2023, linganisha mwenyewe hesabu.

Na usitoe buking, pesa ya kushikia ile nyumba, kabla hujafanya sachi ya taito, kuihakiki hati, ofisi ya ardhi Wakiso, na umuulize mwenyekiti wa LC, serikali ya mtaa, kama hakuna mwenye kibanja, mtu mwenye haki ya kukaa, juu ya hiyo ardhi.

Barua ya malalamiko ukishaiandika nitumie niisome kabla hujaipeleka. Zainabu anasema umtumie bando, simu yake ndio imefanya kazi yote.

Mama yako