Maswali ya Wasomaji: Vihisi na Vifaa Janja vya Nyumbani

Barua nyingi za toleo hili zinauliza chapa ipi ni bora. Majibu yetu yanaanzia kwingine: kihisi kinapima nini hasa, na kinapata umeme wapi. Ukishayajua hayo mawili, chapa huwa swali dogo.

SWALI: Nimefunga taa ya kihisi kwenye chumba cha kusomea. Nikitulia dakika chache inazima, nikipunga mkono inawaka. Nimeongeza muda wa kuwaka lakini tatizo liko palepale. Ninunue kihisi cha chapa gani?

JIBU: Chapa haina kosa. Kihisi chako karibu bila shaka ni cha PIR, kile chenye kuba jeupe la plastiki. Hicho hakimtambui mtu. Kinatambua joto linalohama kutoka kanda moja ya lenzi yake kwenda nyingine. Anayesoma hahami, kwa hiyo kwa kihisi chumba ni kitupu. Ndiyo maana pia PIR humwona haraka mtu anayekatiza mbele yake na huchelewa kumwona anayekijia moja kwa moja. Siku za joto kali hudhoofika zaidi, maana ukuta ukikaribia joto la ngozi, tofauti inayotafutwa inakuwa ndogo mno.

Kwa korido, ngazi, stoo na varanda, PIR bado ndiyo chaguo letu la kwanza, kwa sababu inatumia umeme kidogo sana na betri yake hudumu. Ifunge kwenye kona, kimo cha mita 2 hadi 2.4, watu wakatize mbele yake. Usiielekeze kwenye dirisha linalopigwa na jua wala kwenye kiyoyozi.

Chumba ambacho watu hukaa kinahitaji kihisi cha rada cha masafa ya GHz 24, kama LD2410. Hicho hunasa hata kifua kinavyopanda na kushuka kwa kupumua. Lakini kina masharti. Kinataka volti 5 na takriban miliampia 80 muda wote, kwa hiyo betri sahau. Mawimbi yake hupenya mbao nyembamba na jasi, kwa hiyo mtu aliye chumba cha pili anaweza kukuwashia taa. Feni inayozunguka na pazia linalopeperuka navyo huhesabiwa kuwa watu. LD2410 hugawa umbali kwa hatua za sentimita 75, na kila hatua ina kiwango chake cha wepesi wa kuhisi: zima hatua zote zilizo nyuma ya ukuta wa mwisho wa chumba, kisha punguza wepesi wa hatua ambayo feni imo.

Mpangilio unaotulia kuliko yote ni kutumia vyote viwili. PIR iwashe taa, kwa kuwa haidanganywi na feni. Rada kazi yake iwe kuizuia isizime. Taa izimwe pale tu vyote viwili vimenyamaza kwa sekunde 30 au zaidi.

SWALI: Nataka vihisi kama thelathini nyumba nzima. Niweke vyote kwenye Wi-Fi, au nitafute Zigbee? Na hii Matter inayotajwa kila mahali ni kitu gani?

JIBU: Vigawe kwanza kwa chanzo cha umeme. Kinachochomekwa ukutani kinaweza kuwa cha Wi-Fi bila shida. Cha betri kiwe Zigbee, Thread au Z-Wave, aina za redio zinazotumia umeme kidogo. Chipu ya Wi-Fi kama ESP32 inaweza kuvuta zaidi ya miliampia 200 inapotuma, na betri ya kitufe ya CR2032, yenye takriban miliampia-saa 220, haikuundwa kwa mivuto ya namna hiyo: volti zinaanguka, kifaa kinajizima na kuwaka upya. Kihisi cha mlango cha Zigbee hulala karibu muda wote, na betri hiyohiyo inaweza kupita mwaka.

Zigbee ni mtandao wa wavu, vifaa hupokezana ujumbe. Ila wanaopokezana ni vile vilivyo kwenye umeme wa ukutani tu. Vya betri havipitishi ujumbe wa wengine. Malalamiko mengi ya “kihisi kinapotea mtandaoni” yanatokana na hapo: mtu ananunua vihisi ishirini vya betri na hana hata soketi janja moja katikati. Anza na soketi mbili au tatu kati ya kitovu, yaani kifaa kikuu kinachopokea ujumbe wa vihisi, na vyumba vya mbali, ndipo uongeze vihisi.

Zigbee ina chaneli 11 hadi 26 kwenye masafa yaleyale ya GHz 2.4 ya Wi-Fi. Ruta ikiwa chaneli 1, weka Zigbee chaneli 20 au 25. Ruta ikiwa chaneli 11, chagua 15. Amua kabla ya kuunganisha vifaa, maana ukibadilisha baadaye huenda ukalazimika kuviunganisha upya kimoja kimoja. Kama kitovu chako ni kijiti cha USB, kitumie na waya wa kurefusha wa nusu mita au zaidi. Milango ya USB 3 hutoa kelele ya redio kwenye masafa hayohayo, na kijiti kilichochomekwa ubavuni mwake huwa kama kimezibwa masikio.

Z-Wave hutumia masafa yaliyo chini ya GHz 1 na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini masafa hayo hutofautiana kwa kanda: Ulaya MHz 868, Marekani MHz 908. Kifaa cha kanda moja hakizungumzi na kitovu cha kanda nyingine, na hakuna mpangilio wa kwenye simu utakaokuokoa.

Matter si redio. Ni lugha ya pamoja, toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2022, na husafiri juu ya Wi-Fi, Thread au waya wa mtandao. Kwa hiyo alama ya Matter kwenye boksi haitoshi. Soma kama ndani ni Wi-Fi au Thread. Ikiwa Thread, lazima uwe na kifaa kinachounganisha Thread na mtandao wa nyumbani, la sivyo kihisi hakitaonekana.

SWALI: Nataka kuona kiasi cha maji kwenye tangi la juu na kuzima pampu likijaa. Kihisi cha HC-SR04 nilichofunga ndani ya mfuniko kilikufa baada ya wiki chache. Nifanyeje?

JIBU: HC-SR04 hupima umbali kwa mwangwi wa sauti, na ina vikombe viwili vilivyo wazi. Mvuke wa tangini huganda humo, kutu inaingia, na mwisho wake ndio huo. Tumia JSN-SR04T, ambayo kichwa chake kimezibwa na kina waya wake, ili bodi ikae nje ya tangi ndani ya boksi lisiloingiza maji.

Kichwa hicho kina eneo la upofu la takriban sentimita 25 mbele yake. Maji yakiingia humo vipimo vinaruka ovyo, tena wakati uleule tangi linapojaa, yaani ule unaouhitaji zaidi. Kifunge angalau sentimita 30 juu ya usawa wa juu kabisa wa maji. Mfuniko ukiwa chini mno, uinue kwa shingo pana. Bomba jembamba halifai kwa kuwa mwangwi hugonga kuta zake. Kaa mbali pia na maji yanayomwagika kutoka bomba la kuingizia.

Upande wa waya, kihisi kikilishwa volti 5, pini ya Echo, inayotoa jibu la kipimo, nayo hutoa volti 5. Kama bodi inayokisoma ni ESP32, pini zake ni za volti 3.3. Weka rezista ya kiloomu 1 kutoka Echo hadi pini ya ESP32, na ya kiloomu 2 kutoka pini hiyo hadi ardhi; utapata kama volti 3.3. Ukiruka hatua hii kifaa kinaweza kufanya kazi kwa muda, kisha pini ikafa.

Kwa tangi la wima, pima umbali likiwa tupu na likiwa limejaa. Tuseme tupu ni sentimita 140 na kujaa ni 30. Kipimo cha 85 maana yake ni 140 kutoa 85, yaani 55, gawanya kwa 110: nusu ya tangi. Tangi la kulala hesabu hiyo inalidanganya, kwa sababu kila sentimita ya katikati inabeba maji mengi kuliko ya juu au ya chini. Soma mara tano kila unapopima, uzipange namba, na uchukue ya katikati. Usitumie wastani; mwangwi mmoja mbaya huuvuruga wote. Kasi ya sauti nayo hupanda na joto: mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, karibu 355 kwenye nyuzi 40. Chini ya mfuniko uliochomwa na jua, hilo ni kosa la sentimita 3 hivi kwa kila mita.

Pampu usiiachie kihisi hiki peke yake. Weka swichi ya boya juu ya tangi, iungwe mfululizo na koili ya kontakta (swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme) ya pampu, ikate umeme hata programu ikiganda. Kisha weka kwenye programu ukomo wa muda wa pampu kufanya kazi, mrefu kidogo kuliko ule unaohitajika kujaza tangi tupu. Bomba likipasuka, au kisima kikikauka, ukomo huo ndio utakaoiokoa pampu.

SWALI: Kihisi changu cha ESP32 na BME280 kinaonyesha nyuzi tatu zaidi ya kipimajoto cha ukutani. Nitoe tatu kwenye programu?

JIBU: Hapana, si bado. Kinapima joto la bodi yake yenyewe. Toa BME280, ambayo ndiyo inayopima joto, nje ya boksi kwa waya wa sentimita 10 hadi 15, ikae chini ya bodi kwa kuwa hewa ya moto hupanda, na boksi liwe na matundu juu na chini. Ukitoa tatu sasa hivi, namba itakuwa sahihi leo na ya uongo siku Wi-Fi ikituma zaidi. Kisiwe kwenye ukuta wa nje wala karibu na friji. Kimo cha mita 1.5 kinafaa.

Mwenzako anayetumia kihisi cha joto cha DS18B20 aliuliza mbona anaona nyuzi 85 ghafla. Hiyo ndiyo namba ambayo chipu huanza nayo inapopata umeme, kabla haijamaliza kipimo cha kwanza. Kwa usahihi wa juu inahitaji milisekunde 750. Kwa kawaida ni dalili ya umeme unaokatikakatika au programu inayosoma mapema. Ukiona −127, programu haikioni kihisi kabisa: angalia waya na rezista ya kiloomu 4.7 inayofungwa kati ya waya wa data na ule wa umeme.

SWALI: Swichi janja niliyofunga inaifanya balbu ya LED ipepese hata ikiwa imezimwa. Ni mbovu?

JIBU: Ni nzima. Ni ya aina isiyotumia waya wa nyutro, kwa hiyo hupata umeme wake kwa kupitisha mkondo mdogo kwenye balbu. Balbu ya nyuzi haikuujali mkondo huo. Ya LED huukusanya mpaka inamulika. Dawa ni kapasita ya ziada inayotolewa kwa swichi hiyo, ifungwe sambamba na balbu kule kwenye taa, au kuvuta nyutro hadi boksi la swichi na kununua swichi inayoitumia. Kazi hii ni ya fundi umeme, breka ikiwa chini na testa ikiwa imethibitisha. Rangi za waya haziaminiki.

Na usiiunge hita ya maji kwenye rilei (swichi ya umeme iliyo ndani ya kifaa janja) iliyoandikwa ampia 10. Hita ya wati 3,000 kwenye volti 230 huvuta ampia 13 kwa muda mrefu. Rilei iiwashe kontakta ya ampia 25, kontakta ibebe hita.

SWALI: Kihisi cha mlango wa chuma kinasema mlango uko wazi hata ukifungwa.

JIBU: Chuma kinaivuta nguvu ya sumaku. Weka kipande cha plastiki au mbao cha milimita 5 hadi 10 nyuma ya sumaku na nyuma ya kihisi, na pengo kati yao lisizidi milimita 10.

SWALI: Intaneti ikikatika, taa zangu janja hazisikii. Nimekosea wapi?

JIBU: Vifaa vyako vinapitisha kila amri kwenye seva za mtengenezaji. Hatari yake si kukatika kwa saa moja tu. Mwaka 2016 wamiliki wa kitovu cha Revolv walibaki na kifaa kisicho na kazi baada ya Nest, kampuni ya vifaa janja iliyokuwa imeinunua Revolv mwaka 2014, kuzima huduma yake. Kabla ya kununua kumi, nunua kimoja. Chomoa waya wa intaneti kwenye ruta, acha umeme, kisha ujaribu. Kisipoitika, kirudishe ungali na risiti. Zigbee kwenye kitovu kinachoendesha Home Assistant, programu ya kusimamia nyumba janja, au vifaa vya Wi-Fi vyenye ESPHome, programu inayowekwa ndani ya chipu kama ESP32, hufanya kazi yote ndani ya nyumba.

Wakati unapanga hayo, badilisha nywila zilizokuja na vifaa. Kirusi cha Mirai cha 2016 kilienea kwa kujaribu tu orodha ya nywila za kiwandani. Viweke kwenye mtandao wa wageni, mradi kitovu kiweze kuvifikia, na usifungue milango ya ruta (port) inayoruhusu watu wa nje kuingia kupitia intaneti, kwa ajili ya kamera. Angalia pia kila rilei hufanya nini umeme ukirudi: pampu na hita zirudi zikiwa zimezimwa, daima.

SWALI: Naweza kutumia kihisi cha MQ-2 kama kengele ya gesi jikoni?

JIBU: Kwa kujifunza, ndiyo. Kwa kulinda uhai, hapana. MQ-2 huitikia gesi nyingi bila kuzitofautisha, na usomaji wake huyumba na unyevu na joto. Nunua kengele iliyothibitishwa inayolia yenyewe bila mtandao, kisha uiunganishe na mfumo wako ukipenda. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo kengele yake ifungwe takriban sentimita 30 kutoka sakafuni. Gesi asilia ni nyepesi, yake iwe sentimita 30 chini ya dari. Andika nje ya boksi, kwa kalamu isiyofutika, tarehe ya kuibadilisha iliyotolewa na mtengenezaji. Kitufe cha majaribio hupima king’ora na saketi, si lazima kipime kihisi chenyewe, kwa hiyo tarehe ikipita ibadilishe hata kama bado inalia.