Msingi wa sanamu ya chuma: upana kwanza, kina baadaye

Kaka, umesema sanamu yako ya ndege wa chuma ina urefu wa mita 4, uzito kama kilo 300, na fundi anataka kumwaga msingi wa zege wa mita 1 kwa 1, kina nusu mita. Kwa upepo wa Dodoma, hapana.

Uzito wa sanamu siyo shida, shida ni mabawa. Upepo wa mita 30 kwa sekunde unasukuma karibu kilo 55 kwa kila mita ya mraba, na mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Mabawa ya mita 3 za mraba, yakiwa mita 3 juu ya zege, yanatosha kuufikisha msingi huo kwenye ukingo wa kupinduka. Panua uwe 1.6 kwa 1.6, kina kilekile: zege linafika tani 3 hivi na ukinzani wake dhidi ya kupinduka unazidi mara tatu. Kuchimba chini tu hakukupi faida hiyo.

Halafu angalia udongo. Ukikuta ule mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, utoe wote, ujaze kifusi cha changarawe na kukishindilia.

Bolti za nanga, zile za kushikilia sanamu kwenye zege, zifungwe kwenye nondo kabla ya kumwaga, siyo kutoboa zege baadaye. Na toboa matundu chini ya miguu ya ndege. Maji yakituama ndani, kutu inakula pale pale kwenye weldi, na rangi ya nje haitakuonyesha kitu. Mchoro mpe mhandisi aliyesajiliwa apige mahesabu yake, haya yangu ni ya haraka.