Maswali na majibu: Kupanua ghala la ubaridi Dodoma

Ushirika wetu unataka kupanua ghala la ubaridi, tukiutazamia uwanja wa ndege wa Msalato. Tujenge ukumbi mmoja mkubwa? (Dodoma mjini)

Hapana, jengeni vyumba. Zabibu za mezani hutaka karibu nyuzi 0, parachichi 5 hadi 7, nyanya 10 hadi 13. Ukiiweka nyanya penye baridi ya zabibu, inatoka nzuri kwa macho, kisha inaharibika mikononi mwa mnunuzi. Parachichi linaloiva nalo hutoa gesi ya ethilini inayoivisha upesi mizigo jirani.

Ukubwa upimeni kwa mzigo wa safari moja. Ndege ya mizigo ya Air Tanzania, Boeing 767-300F iliyoingia nchini Juni 2023, hubeba hadi tani 54. Je, mnaweza kupoza hata robo ya hizo kwa usiku mmoja? Hilo ndilo swali la kumpelekea mhandisi, maana ghala la mizigo ya ndege ni la kupitishia mzigo, halifai kuurundika.

Zabibu zangu zinafika ghalani nzima, lakini kesho yake vikonyo vimekauka. Ghala ni bovu? (Hombolo)

Mama, nina shaka zaidi na saa zile kabla ya ghala. Chumba cha kuhifadhi hutunza ubaridi, lakini hakina nguvu ya kuutoa upesi joto ambalo zabibu zimetoka nalo shambani. Vuna alfajiri, kreti zikae kivulini, kisha zipite chumba cha kupozea chenye feni zinazovuta hewa baridi katikati ya matunda. Unyevu wa hewa uwe asilimia 90 hadi 95. Ningeanza upanuzi wowote na chumba hicho, hata kama fedha zingeishia hapo. (Zabibu za mvinyo zibaki huku huku zikamuliwe mchuzi, yaani juisi ya kutengenezea mvinyo; nauli ya ndege haziilipi.)

Nyama ya mbuzi inaweza kukaa na matunda tukitenganisha kwa pazia? (Kizota)

Hapana. Chumba chake, mlango wake, wahudumu wake.

Umeme ukikatika? (Kongwa)

Jenereta iwake yenyewe, na milango ibaki imefungwa. Ila mzigo mwingi huharibikia nje: paleti zinasubiri ndege juani, saa nane mchana, hazijafunikwa hata turubai la kuzuia joto. Mkipata fedha ya ziada, jengeni sehemu ya kupakilia yenye ubaridi, iliyo karibu kabisa na maegesho ya ndege.